Usivae Balbu, Vaa Mwanga

Wasee, leo tuongee kuhusu taa. Sio stima kupotea, hiyo tumelalamikia mpaka tumechoka. Naongea kuhusu taa za urembo: zile za nganya, zile za ukumbi wa harusi, zile za rangi zinawashwa kwa kinyozi giza likianza kuingia. Na naongea kuhusu nguo, kwa sababu hivi vitu viwili ni marafiki wa zamani sana na sisi hapa Nairobi tunavikutanisha vibaya.

Cheki vile mambo yako. Ukienda shoo yoyote ya usiku utapata msee amevaa miwani ya LED, mwingine ana mkufu unawaka kijani, mwingine ana kofia yenye waya inaingia mfukoni. Picha zinatoka moto. Rudi umwone huyo msee baada ya wiki mbili: miwani inawaka upande mmoja, mkufu uko kwa droo na betri imevuja, kofia imekuwa ya kufanyia usafi. Pesa imeenda, na hakuna fundi hata mmoja wa mtaa ameona shilingi yake.

Msimamo wangu ni huu. Taa ni mwalimu mzuri sana wa urembo wa nguo. Lakini cha kuchukua kutoka kwa taa ni tabia yake: vile inaning'inia, vile inajipanga, vile inarudi machoni pako. Balbu yenyewe iache hapo juu. Chukua huo mwanga uuandike kwa shanga, kwa uzi, kwa shaba, kwa utepe. Hiyo luku haitazimika.

Na hii sio kitu nimeamka nikaota. Kuna aina ya hereni watu wanaita hereni za shandelia. Shandelia ni ile taa kubwa ya vioo vingi inaning'inia kwa lobi za hoteli kubwa. Hereni zenyewe zina kipande kimoja juu, halafu matone yanashuka kwa ngazi, moja chini ya nyingine. Umeziona kwa maharusi wote. Na kabla ya hizo, Ulaya ya miaka ya 1600 walikuwa na hereni zinaitwa girandole, jito kubwa au fundo la utepe juu na matone matatu chini. Jina hilo hilo lilikuwa la kinara cha mishumaa chenye matawi. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka 300 masonara wamekuwa wakiangalia taa za darini na kuzishusha kwa masikio ya watu. Na hereni hizo hazikuwa na mshumaa hata mmoja. Walichukua umbo na mtikisiko, basi.

Halafu kuna stori moja naipenda. Mwaka 1882, mwezi wa Septemba, Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme mtaa wa Pearl Street, New York. Miezi michache baadaye, Machi 1883, matajiri wa huko wakafanya dansi ya mavazi ya kuigiza. Mama mmoja, Alice Vanderbilt, akaja amevaa kama umeme. Gauni lilitoka kwa Charles Frederick Worth, mshonaji mkubwa wa Paris. Mkononi alikuwa na mwenge wa umeme uliowaka kwa betri. Lakini gauni lenyewe lilitariziwa nyuzi za dhahabu na fedha, likawa linamulika kila akigeuka.

Hilo gauni bado lipo, liko kwa jumba la makumbusho la jiji la New York. Na miaka zaidi ya 140 baadaye, kinachofanya watu wasimame mbele yake ni zile nyuzi. Betri ilimaliza kazi yake usiku ule ule. Tarizi bado iko kazini.

Sasa kuna wale watasema, lakini mbona wakubwa wanavaa balbu zenyewe? Ni kweli wanavaa. Kwa Met Gala ya 2016 Claire Danes alivaa gauni la Zac Posen lililofumwa kwa nyuzi zinazopitisha mwanga, na betri ndogo ndogo zimefichwa ndani ya sketi. Taa zikizimwa, anang'aa kama malaika. 2019 Katy Perry alikuja kwa hafla hiyo hiyo akiwa amevaa shandelia nzima, kazi ya Moschino chini ya Jeremy Scott, na taa zinawaka mpaka kichwani. Ilikuwa kali, siwezi danganya. Lakini fikiria hiyo nguo kwa mathree ya saa kumi na mbili asubuhi, kondaa anakwambia usonge, kuna mama na gunia la sukuma. Hizo ni nguo za kapeti moja na usiku mmoja, na wamiliki wana watu wa kuzibeba. Wewe na mimi tuna karai na sabuni ya unga.

Na hapo kwa karai ndipo shida ya balbu inaanza. Mikanda mingi ya LED inayouzwa pale Luthuli ni ya volti 12. Pawabenki yako ya kawaida inatoa 5. Kwa hivyo utahitaji kifaa cha kupandisha volti, au betri kubwa zaidi, na hiyo yote inakaa mfukoni ikikuvuta suruali. Ile mikanda ya rangi moja imepangwa taa tatu tatu, na kila kundi linashiriki njia moja ya umeme. Moja ikikata, tatu zote zinalala. Ndiyo maana mkanda ukianza kuharibika unaonekana kama mdomo umeng'oka meno. Sasa ukikunja nguo, ukiikalia, ukiifua, ukiianika, ni kiungo gani kitavumilia? Ule mkanda ulitengenezwa kukaa ukutani au kwa dari ya gari. Hauna kosa. Wewe ndiye unauliza kitu ambacho hakikusomea.

Kwa hivyo turudi nyumbani, kwa sababu mwalimu mwenyewe tunaye na anapita kila dakika tano. Nganya. New York walikuwa na dansi zao za matajiri. Sisi shandelia yetu iko na magurudumu na inaenda Rongai. Ingia moja usiku uangalie juu: mkanda wa samawati umezunguka dari, wa zambarau umefuata kiti, viti vimeshonwa kwa miraba ya almasi, na kila mraba una kivuli chake. Mtu alikaa chini akafikiria vile mwanga utapita kwa ngozi ile bandia. Huyo ni mbunifu, hata kama hakuna gazeti limemwita hivyo.

Hata hiyo samawati ina historia. LED nyekundu na kijani zilikuwepo miaka mingi, lakini ya samawati iliyowaka vizuri iliwasumbua wanasayansi mpaka miaka ya 1990. Waliofaulu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila hiyo kazi hakungekuwa na LED nyeupe za nyumbani, na hakungekuwa na ile samawati ya kiti cha nyuma. Kwa hivyo wakati mtu anasema rangi za nganya ni za kishamba, mwambie hiyo rangi imeshinda Nobel.

Na kuna kitu kingine kwa mat ambacho tunapita tu bila kukiona: mstari wa manjano. Ulikuja na sheria za John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zilizotolewa 2003 na kuanza kazi Februari 2004. Mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, na huo mstari unaozunguka gari lote. Serikali ilitaka magari yafanane. Lakini uangalie kwa jicho la fundi wa cherehani: huo mstari ni upindo! Ni ule utepe mwembamba unapitishwa kando ya jaketi ili umbo lionekane. Kitu kililetwa kunyamazisha urembo kikageuka kuwa urembo tunaoutambua kutoka mbali. Ukiweka utepe wa manjano mmoja, mwembamba, kwa kimo cha kiuno, kuzunguka jaketi nyeusi, kila mtu wa Nairobi ataelewa bila kuambiwa. Na haina grafiti hata moja.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe. Naona taa ina tabia tatu ambazo fundi yeyote anaweza kuzishona.

Ya kwanza ni kuning'inia. Shandelia, taa za uzi za harusi, hata ile koroboi ya mkebe inatengenezwa Kamukunji na siku hizi inatundikwa kwa mikahawa kama pambo, zote zinafanya kazi na uzito. Zinashuka, zinatulia, ukizigusa zinacheza. Kwa nguo hiyo ni kazi ya matamvua na vishada. Lakini watu wetu wengi wanakata matamvua yote urefu mmoja, inakaa kama pazia la bafu. Fanya kama shandelia: katikati ndefu, pembeni fupi, na mwisho wa kila uzi weka kitu kizito kidogo. Shanga ya kioo inafaa sana hapa. Kule Kitengela kuna watu wanayeyusha vioo vilivyotumika wakatengeneza shanga, na ukishika moja unaona mwanga umekwama ndani. Kazuri pale Karen wamekuwa wakitengeneza shanga za udongo tangu 1975. Hizo hazipitishi mwanga lakini zina mng'ao na zina uzito. Ukitaka hereni za koroboi, mchukue fundi wa shaba akutengenezee kifuniko, shingo, na mkono wa kushikia. Vitu vitatu. Kila mtu aliyesomea homuwaki kwa koroboi ataijua, na tabasamu itamtoka kabla hajajua kwa nini.

Tabia ya pili ni mpangilio. Kumbuka nimesema mkanda wa LED unaenda tatu tatu. Taa, taa, taa, alama ya kukatia. Taa, taa, taa, alama. Huo ni mdundo. Ushone kwa shanga: tatu, nafasi, tatu, nafasi, kuzunguka kola au mfuko. Kuna wakati taa za nganya zinakimbia, moja inazima nyingine inawaka mbele yake, na jicho lako linaona kitu kinasonga ilhali hakuna kilichosonga. Uzi unaweza kufanya hiyo pia. Anza na nyeupe, ingiza samawati nyepesi, halafu nzito, halafu zambarau, halafu nyeusi, kisha rudia. Mvaaji akitembea, ule mstari unakimbia mkononi mwake. Mama zetu wa shanga wanajua hizi hesabu kuliko sisi. Nenda Maasai Market na mchoro, ukae nao, uwaulize wangefanyaje. Na ulipe vile wamesema, usianze kubishania hamsini na umetoka kununua kahawa ya mia nne.

Ya tatu ni kurudisha mwanga, na hii ndiyo naipenda zaidi kwa sababu ni ya watu wa simu kama sisi. Ule utepe wa kijivu kwa riflekta ya bodaboda una vipande vidogo sana vya kioo, na kazi yake ni kurudisha mwanga pale pale ulikotoka. Ndiyo maana dereva anauona, kwa sababu macho yake yako karibu na taa zake. Na flashi ya simu yako iko wapi? Kando kabisa ya kamera. Kwa hivyo mchana huo utepe ni wa kijivu tu, mpole, unaingia kazini nao na bosi haulizi kitu. Usiku mtu akikupiga picha na flashi, unawaka mweupe kama umechomekwa kwa plagi. Hakuna betri. Hakuna waya. Ushone kwa mshono wa suruali, kwa ukingo wa kofia, kwa mkanda wa begi.

Na hapa naomba tusicheke, kwa sababu hii sio stori ya picha pekee. Wengi wetu tunashuka mat usiku kando ya barabara kuu, tunavuka pahali hakuna taa, tumevaa nyeusi kutoka kichwa hadi viatu kwa sababu nyeusi ni fiti. Dereva anakuona ukiwa umekaribia sana. Riflekta tumeiachia watu wa boda na wa mjengo kana kwamba ni yunifomu ya kazi ngumu, na kwa hivyo hakuna kijana anataka kuonekana nayo. Kama urembo unaweza kufanya mtu aivae kwa hiari, kwa sababu inapendeza, basi huo urembo umefanya kazi ambayo mabango mengi hayajafanya. Utepe wa upana wa vidole viwili kwa kisigino cha kiatu unaweza kumfanya dereva akanyage breki mapema.

Kwa wale hamna kitu mfukoni: zile sidi za zamani za gospo na za filamu zilizolala nyumbani. Uso wa sidi una mistari midogo sana, kama 625 kwa kila milimita, na ndiyo inapasua mwanga kuwa rangi zote. Madereva walikuwa wakizitundika kwa kioo cha mbele, na walikuwa sahihi. Ziloweke kwa maji moto zisipasuke ovyo, uzikate miduara midogo, usugue kingo kwa msasa zisikukate, utoboe. Umepata puleki za bure, zile watu wanaita sekwini. Cyrus Kabiru, aliyekulia karibu na dampo la Dandora, alianza kutengeneza miwani kwa vitu vilivyotupwa, akaiita C-Stunners, na leo imeonyeshwa makumbusho ya nchi nyingi. Hakungoja kontena kutoka ng'ambo.

Najua maswali yanakuja. La kwanza: kwani LED kwa nguo ni haramu? Hapana bana. Kama wewe ni msanii na unapanda jukwaani dakika ishirini, vaa taa mpaka kwa soksi. Mwendesha baiskeli, weka taa. Kuna kazi zake. Ninachokataa ni kuuziwa balbu ya wiki mbili kama mtindo, wakati wazo lililo ndani yake lingekaa kwako miaka kumi.

La pili: si hii ni kugeuza watu matatu zinazotembea? Itategemea mkono wako. Ukiweka matamvua, mstari wa manjano, sidi na riflekta kwa jaketi moja, ndiyo, utaitisha nauli. Chagua tabia moja. Nganya yenyewe ikiwasha kila kitu mara moja inaumiza macho. Zile tunazozipenda zinajua wakati wa kupunguza.

La tatu ndilo zito. Nikichukua kutoka kwa nganya, namwibia nani? Hapa tuwe wakweli. Kuning'inia sio ya mtu. Mdundo wa tatu tatu sio wa mtu. Lakini ule mchoro kwa ubavu wa gari, ile sura, yale maandishi yaliyopindwa kwa njia fulani, hayo yana mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda kama msanii mwingine yeyote. Ukitaka kuutoa kwa gari ukauweka kwa tisheti ya kuuza, mtafute, mkubaliane, mlipe, uweke jina lake kwa lebo. Tunapiga kelele kampuni za ng'ambo zikichukua shuka ya Kimaasai bila kuuliza, halafu sisi tunachukua kazi ya kijana wa gereji na kumwambia tumempa jina. Jina halilipi rent.

Kitu kimoja kinanipa haraka na hii mambo. Vita kati ya wenye nganya na wanaosimamia barabara haijawahi kuisha: leo grafiti imeruhusiwa, kesho kuna msako wa taa na vioo vyeusi. Sipingi usalama, taa inayompofusha dereva mwingine ni hatari. Lakini ikifika siku gari zote zimezimwa, ule ujuzi wa rangi utaenda wapi? Unaweza kukaa kwa shanga. Unaweza kukaa kwa tarizi ya fundi wa Gikomba, kwa hereni ya msichana wa Umoja anayeuza kupitia simu yake. Nguo imewahi kubeba vitu vingi ambavyo kuta na barabara zilikataa.

Kwa hivyo nakupa kazi ya wikendi hii. Giza likiingia, chagua taa moja tu, popote: steji, baa ya jirani, kanisa lenu wakati wa harusi. Iangalie dakika tano bila kuipiga picha. Andika vitu vitatu: inashuka vipi, inarudia vipi, inakugonga wapi kwa macho. Halafu chukua nguo moja unayo tayari, hata ya mtumba, tafuta fundi wa mtaa wako, mwonyeshe ile karatasi, mwache naye aongeze lake. Lipa. Vaa. Ifue Jumapili, uianike, na Jumatatu uivae tena.